Namna ya kuhurumia kwa akili yenye makengeza

Andaa vitu vitatu: mkono wenye kitu kidogo ndani yake, shamba lenye pembe, na adui mmoja aliye hai. Ukiwa na moyo mkunjufu, vizuri, ila mwongozo huu ni wa siku ile ambayo moyo umegoma.

Tuanzie Rusumo, maana hapo ndipo sisi wa Ngara na Biharamulo tulipopewa mtihani ambao nchi nyingi hazijauona. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, kwa kadiri ya saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja kutoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya huko. Wakatua Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Waitaliano ya ujenzi wa barabara. Kabla mwaka haujaisha, wageni wilayani Ngara walikuwa wengi kuliko wenyeji. Soma tena ile namba. Moyo umesema nini? Sasa mtazame mama mmoja kando ya barabara, godoro kichwani, mtoto mgongoni, anaomba maji kwa lugha ambayo Mhangaza anaielewa bila mkalimani. Huyo umemsikia.

Usijilaumu, binadamu wote tuna kengeza hilo. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Paul Slovic akiwa mmoja wao, walichapisha jaribio walilolijenga juu ya kambi za wakimbizi wa Rwanda. Waliwauliza watu: maji safi yakiokoa watu 4,500 katika kambi ya watu 11,000, na yakiokoa 4,500 vilevile katika kambi ya 250,000, msaada upi una thamani zaidi? Wengi waliona bora kambi ndogo. Waliookolewa ni idadi ile ile, lakini katika kambi kubwa walimezwa na umati.

Waliotufundisha sana habari za makengeza haya ni wanasaikolojia wawili Waisraeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky. Kahneman alisimulia kisa cha utoto wake mjini Paris chini ya Wanazi. Alikuwa amechelewa nje kupita saa iliyoruhusiwa, akageuza sweta ndani nje ili nyota ya Kiyahudi isionekane. Askari wa SS akamwita, akamkumbatia, akamwonyesha picha ya mvulana, akampa pesa. Mtoto yule alitetemeka, akiogopa askari asije akaiona nyota. Kisa hiki hakiniachi. Huruma ya askari ilikuwa ya kweli kabisa, na ilisimama juu ya sura tu. Kama sweta lingevaliwa sawasawa, tungesimulia mengine.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: usiuachie moyo ufunguo wa ghala. Kiebrania huita huruma *rahamim*, neno lililozaliwa na lile la tumbo la uzazi, na tumbo hujua wa kwake. Ndiyo maana walimu wa Kiyahudi hawakuishia hapo. Waliweka pia *tsedaka*, ndugu wa damu wa neno letu sadaka, ambalo kwao shina lake ni haki. Mwenye njaa anakudai, uwe umemhurumia au hujamhurumia.

Kisha zoeza mkono. Musa bin Maimuni, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alifundisha kwamba mwenye sarafu elfu afadhali ampe kila mhitaji moja moja mara elfu kuliko kumpa mmoja zote kwa mpigo. Atakayempa mmoja zote amesukumwa na wimbi la siku moja, na kesho mkono utakuwa mgumu kama jana. Jaribu kwa bakuli la maharage: moja kila Ijumaa, mwaka mzima. Bakuli la thelathini utalitoa bila kuuliza moyo umeamkaje.

Halafu nenda shambani. Torati inamtaka mkulima aache pembe ya shamba bila kuvuna, ije ivunwe na maskini na mgeni. Kuna akili kubwa katika sheria hii: mwenye shamba hachagui nani apate. Hakuna picha ya kumliza, hakuna kabila la kuulizwa. Ruthu, mwanamke wa Moabu, taifa lisilopendwa na Waisraeli, aliokota masuke katika utaratibu huo huo. Shamba lako la mahindi pale Nyakahura lina pembe nne. Anza na moja.

Sasa jambo gumu. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu hao wa Kiyahudi, inakubali kwamba maskini wa mji wako hutangulia, na pia inaamuru maskini wa mataifa mengine walishwe pamoja nao kwa ajili ya amani. Sisi tuliishi ndani ya amri hizo mbili kwa wakati mmoja. Misitu iliisha kwa kuni, mazao yaliibwa mashambani, na mabasi ya njia ya Lusahunga yakawa yanasindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Akili hushika kilichoitisha: jambazi mmoja akisimuliwa kila kibanda cha chai, wakimbizi wote wanavaa sura yake. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu ilipopita Kagera, wapo waliofukuzwa baada ya kuishi nasi miaka mingi. Niliona wakati ule jinsi mtu anavyogeuka mgeni kwa majirani wa jana, na naamini tulikosea.

Utauliza: na wauaji? Walikuwemo. Waliochinja na waliokimbia kuchinjwa walivuka daraja moja. Wahenga wa Talmudi walibishana juu ya kumchunguza mwombaji, na uamuzi uliosimama ni huu: anayeomba nguo, uliza habari zake, anayesema ana njaa, mpe kwanza. Kulisha si kuficha. Mlishe, na mahakama ifanye kazi yake. Ufuate mpangilio huo hata ukiwa na hasira, hasa ukiwa na hasira.

Kama unafanana na anayeteseka, tumia mfanano huo kujenga kitu. Anne Heyman, mwanasheria Myahudi aliyezaliwa Afrika Kusini na kuishi Marekani, aliposikia habari za yatima wa Rwanda alikumbuka vijiji vya vijana ambavyo Israeli ilijenga kwa yatima wa mauaji ya Wanazi. Akaanzisha Agahozo-Shalom huko Rwamagana, na kijiji kikafunguliwa mwaka 2008. Askari wa Paris naye alisukumwa na mfanano, lakini wake uliisha barabarani. Heyman aliutia wake katika nyumba na madarasa. Alifariki mwaka 2014 na watoto bado wanasoma.

Mwisho, mtafute yule adui. Talmudi inasema ukikuta rafiki anayetaka kushusha mzigo wa punda na adui anayetaka kupakia wake, mwanzie adui, ili uishinde nafsi yako. Kwa kawaida kushusha ndiko kungetangulia, kwa kuwa mnyama anaumia; hapa hata hilo linasubiri. Milima yetu haina punda wengi. Kuna baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi, na anayeisukuma ni yule mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Usimsemeshe kama hujaweza. Shika nyuma ya keria, sukuma mpaka juu.