Yah: Pongezi kwa Kuitunza Shilingi Elfu Kumi

Katibu Mkuu,
Wizara ya Fedha,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

Ndugu Katibu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wazazi wa Nyasura, hapa Bunda Mjini, tumeona tusinyamaze. Wa kuilaumu Hazina ni wengi, wa kuipongeza hawaonekani. Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka, wakati huo kama dola kumi za Marekani. Tangu hapo umepita msukosuko wa fedha wa 2008, ikaja Uviko, ikaja vita ya Ukraine na mafuta yakapaa. Sukari ilipanda, nauli ikapanda, dola ikavuka shilingi 2,400. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, elfu kumi ilikuwa ileile, na bado ni ileile. Hakuna shilingi nyingine nchini yenye msimamo kama huo. Hongereni.

Tatizo ni mwenye duka la vifaa vya shule hapa mjini. Huyu bwana hajasoma waraka wenu wa ruzuku, bado anauza chaki kwa bei ya leo. Tunaomba mumwandikie.

Maana katika hiyo elfu kumi, 4,000 inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndiyo inayofika shuleni: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Mpe bodaboda wa stendi hiyo mia tano akulete Nyasura, uone atakavyokutazama. Shuleni kwetu inanunua chaki, inarekebisha dawati, inachapa mitihani. Au haichapi. Mtihani wa nusu muhula wa darasa la sita uliandikwa ubaoni, na kwa kuwa ubao umebanduka rangi upande wa kulia hadi saruji inaonekana, swali la saba likaangukia humo. Waliokaa mbele wakawasomea wa nyuma. Mwalimu wa zamu akalihesabu kuwa sahihi kwa wote, na ufaulu ukapanda bila gharama yoyote kwa Serikali.

Pongezi ya pili ni ya ajira. Nchi nyingine hali ikiwa ngumu hufukuza walimu, halafu vyama vinagoma na magazeti yanapiga kelele. Ninyi mmegundua kwamba mwalimu asiyeajiriwa hafukuziki. Mwaka 2016 ajira na upandishaji madaraja vilisimama ili watumishi hewa wasakwe. Walisakwa. Sisi huku tunaye mwalimu wa kweli kabisa, wa hisabati, anayelipwa hewa. Cheti anacho, maombi alituma. Mwanzoni mwa 2025 walioomba ualimu walizidi laki mbili, na nafasi hazikufika 15,000, kwa hiyo hana kinyongo. Anajitolea.

Anajitolea kwa posho ya wazazi, nayo inatoka kwenye pamba. Hapo ndipo uchumi wa dunia unapoingia darasani Nyasura bila kubisha hodi. Msimu wa 2022 bei elekezi ilipita shilingi 1,500 kwa kilo, mwalimu akalipwa. Mwaka uliofuata ikashuka hadi elfu moja na ushee, na mwalimu akapewa mahindi. Na tusieleweke vibaya: michango ya shule Hayati Rais Magufuli aliipiga marufuku Januari 2018. Hatuchangi. Tunakubaliana tu kwenye mkutano wa wazazi, kisha kila mmoja anakumbuka alichokubali.

Turuhusuni tuwakumbushe jambo moja la kwetu mkoani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliketi Musoma ikaamua kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Ulikuwa mwaka wa ukame, mafuta yameshapanda, hazina tupu. Walimu hawakuwapo, wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba, na watani wakaitafsiri UPE, mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Leo wenye elimu wamejaa vijiweni. Ni ualimu tu ndio haupo. Wazee wale hawakuijua hesabu ya Hazina, ndiyo maana walithubutu. Baadaye, kuanzia 1986, Shirika la Fedha la Kimataifa lilitufundisha kubana matumizi, na huo ndio mtaala pekee ambao haujabadilishwa tangu hapo.

Baada ya pongezi, maombi. Ruzuku ipigiwe hesabu upya kila mwaka kwa bei ya sokoni, kama Serikali inavyofanya kwa mafuta kila mwezi. Na walimu wanaojitolea wapewe nafasi za kwanza ajira zinapotoka, wakianzia kwenye shule walizozibeba.

Tunaomba jibu kabla ya msimu wa pamba kuisha. Mwalimu wa hisabati ameshaanza kuulizia bei ya pikipiki.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wazazi, Kata ya Nyasura, Bunda.