Namba Kumi na Moja

Jezi yangu ya sekondari imemaliza maisha yake ikiwa dekio. Nilipolalamika, mke wangu aliinyanyua, maji yakichuruzika, akauliza hiyo namba ninayojisifia iko wapi. Namba haikuwahi kushonwa. Nachingwea zama zetu tulibandika vipande vya plasta ya zahanati mgongoni, na plasta na jasho la saa tisa alasiri haviivi chungu kimoja.

Ndiyo asili ya sakata la Ruangwa. Mechi ilikuwa ya kirafiki, ingawa urafiki uliishia kwenye kurusha shilingi. Winga wetu, namba 11, alidondosha kipande kimoja akabaki 1. Akarudi kukaba, mpira ukaja juu, akaudaka kwa mikono miwili ndani ya boksi. Mwamuzi akamchungulia mgongoni, akapeta. Wenyeji wakapiga kelele kwamba tuna makipa wawili. Akawajibu kila shule ina utaratibu wake.

Picha ya timu ninayo. Mpiga picha aliwakata vichwa wote waliosimama, kwa hiyo mpaka leo kuna watu wazima wawili, mmoja ana wajukuu, wanaogombea jozi moja ya magoti.

Tangu Namungo wapande Ligi Kuu mwaka 2019, watu wa Ruangwa hawashikiki. Mwaka 2020 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba wakawafunga 2-1 kule Sumbawanga, na bado wakaenda kucheza Afrika. Sina wivu. (Ninao.) Huwa nawakumbusha kwamba wilaya yao ilimegwa kutoka kwetu, hivyo goli moja pale Uwanja wa Majaliwa ni la Nachingwea. Sisi Waingereza walituletea matrekta ya kulima karanga, karanga zikagoma. Hata reli ya kwenda Mtwara iling'olewa miaka ya 1960. Kwa nyota hiyo, Ligi Kuu tungeipatia wapi?

Beki wao wa siku ile sasa ananunua ufuta. Yeye hushikilia walishinda 3-1. Mimi najua ilikuwa 2-2, la kusawazisha nililifunga mwenyewe kwa kichwa. Juzi akachomoa daftari la nahodha wao, lililotafunwa na mchwa pembeni, tumalize ubishi. Limeandikwa 0-0.

Tukalitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mechi ile, tukakubaliana: aliyeandika hakuwepo uwanjani.