Barua ya Wazi kwa Waziri: Tuandikishie Watoto Kama Mizigo

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Waziri Mkuu – TAMISEMI,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUWAPITISHA WATOTO WETU FORODHANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wazazi wa Mpemba, Chapwa na mitaa mingine ya pembezoni mwa Tunduma tunaomba watoto wetu wafutwe kwenye rejista za shule na waandikishwe kuwa mizigo ya transiti.

Lori la shaba kutoka Kongo lina nyaraka, lakiri na kifaa cha kulifuatilia; likikawia pasipostahili, kuna mtu ofisini anauliza. Mtoto wa darasa la nne akitoroka kwenda kubeba mizigo mpakani, nani amuulize nani? Mwalimu wake akimaliza kuita majina, kipindi nacho kimekwisha. Sera inasema wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, nasi tunaisoma kama watu wasomavyo habari za ng'ambo. Foleni ya malori ilipozidi, kituo cha pamoja cha forodha kikajengwa, na Oktoba 2019 marais wawili wakaja kukizindua. Foleni ya watoto wanaosubiri zamu ya mchana bado haijapata wa kuikatia utepe.

Uandikishaji, tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, hauna shida. Hiyo ndiyo shida. Tukivuka asilimia 100 ya maoteo tunapigiwa makofi, kana kwamba kukosea hesabu ni ushindi. Sensa ya 2012 ilitukuta hatujafika laki moja. Ya 2022 ikatukuta tumepita laki mbili. Watu hawa hawakuingia kwa njia za panya, Mheshimiwa. Walihesabiwa.

Ruzuku nayo tumeipigia hesabu. Shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ukigawa kwa siku 194 za masomo, ni shilingi hamsini na kitu kwa siku. Choo cha stendi hakikupokei kwa hiyo.

Tunalishukuru pia Baraza la Mitihani, ambalo mwaka 2023 liliacha kutangaza shule bora kwenye matokeo ya kidato cha nne. Aibu imepungua. Ila wenye uwezo hawahitaji kutangaziwa: basi la njano la ingilishi midiamu huwapitia watoto wao alfajiri, wetu wakielekea kayumba kwa miguu.

La mwisho si mzaha. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza. Maoteo ya hapo hayahitaji mganga. Kama lakiri hazipatikani, basi tuletee walimu na madarasa kabla ya Januari hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wazazi, Tunduma.

Nakala: Forodha, kwa hatua zao.