Theluji ya Temeke

Nani aliyewaambia watengenezaji wa kamera kwamba Temeke kuna theluji? Hii kamera ndogo ya mfukoni niliyonayo ina kidude cha kuzungusha pale juu, na ukikifikisha kwenye herufi SCN inakufungulia orodha ya maisha inayoamini unayaishi. Kuna theluji. Kuna fataki. Kuna machweo, kuna sahani ya chakula, kuna mbwa na paka. Kuna mtoto mchanga, na huyo ukimchagua kamera inataka kwanza tarehe yake ya kuzaliwa, sijui inampeleka kliniki? Nimeipitia orodha yote nikitafuta alama ya kikao cha ukoo chini ya mwembe saa saba mchana, au ya ukumbi wa send-off umeme ukiwa umekatika na mwenye jenereta hapokei simu. Hazimo.

Kamera nimepewa na binti wa kaka yangu. Vijana wa siku hizi, wenye simu zinazopiga picha hata gizani, wamezirudia hizi kamera za zamani na wanazitafuta kwa udi na uvumba, ati picha zake zina ladha. Yeye kapata nyingine ya rangi ya waridi, hii akaniletea mimi. "Baba mkubwa, ni rahisi tu, weka Auto." Akaondoka. Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu chembamba kinachonionya nisimeze betri. Kitabu chenyewe cha maelekezo kimo kwenye CD, na kompyuta ya nyumbani kwangu haina hata tundu la kuingizia CD. Kijana wa steshenari akanitafutia mtandaoni, akanichapia, na kwa bei aliyonitoza nimeshakisoma mpaka kurasa za mwisho kabisa, pale wanaposema kamera itumike penye joto la nyuzi 0 hadi 40 na isiwekwe mahali penye unyevunyevu. Penye unyevunyevu ndiyo Dar yote. Wangesema tu tusinunue.

Sasa hiyo Auto. Siku ya Idd mjomba wangu alikaa barazani, kanzu nyeupe inameremeta, kofia ya viua, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa wiki hiyo hiyo. Nikaweka Auto kama nilivyofundishwa, nikabonyeza. Ikatoka kanzu ya kijivu, ukuta wa kijivu, na juu ya kola kitu cheusi chenye meno. Mjomba akakisogeza kioo karibu na miwani.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Nionyeshe pua."

Sikuweza kumwonyesha pua. Kwa sababu kamera, kama nilivyokuja kuelewa kwa gharama ya yule kijana wa steshenari, haimwoni mjomba. Inapima mwanga unaorudi kutoka kila kilicho mbele yake, na inashikilia imani moja tu: kwamba dunia yote ukiichanganya pamoja inatoka rangi ya kijivu cha katikati, kile ambacho wapiga picha wa zamani walikiwekea kadi maalumu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ikikuta weupe mwingi haisemi "hii ni kanzu ya Idd." Inasema mwanga umezidi, na inaupunguza. Kanzu inashuka mpaka kijivu, na uso ambao Mungu aliuumba mweusi unashuka nao mpaka usiku wa manane. Bwana harusi akisimama ubavuni mwa bibi harusi mwenye shela na gauni la kufagia ukumbi, yanampata hayo hayo, halafu tunamlaumu mpiga picha.

Wala si ugonjwa wa juzi. Zama za filamu, kuanzia miaka ya 1950, Kodak walikuwa wakipeleka kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Wa kwanza aliitwa Shirley, na waliomfuata wote wakaitwa Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa, na aliye mweusi ajitafute mwenyewe kwenye picha. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliwahoji watu waliowahi kufanya kazi Kodak, wakamwambia kwamba msukumo wa kurekebisha rangi za kahawia kwenye filamu ulitoka kwa wenye viwanda vya chokoleti na vya fanicha za mbao, waliolalamika bidhaa zao hazitoki sawasawa. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mjomba wangu.

Dawa ipo, na ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu imefichwa. Nyuma ya kamera kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, mojawapo kati ya vile vidogo vinavyobonyezwa na kucha. Ukikibonyeza kinakuja kipimo chenye sifuri katikati. Ukisogeza kulia hadi moja, picha inaongezewa mwanga mara mbili. Kanzu inarudi kuwa kanzu na mtu anapata pua. Basi. Kitu muhimu kuliko vyote kwenye mashine nzima, kwa nchi yenye nyuso zetu na kanzu zetu na kuta zetu za chokaa, kimewekwa mbali kuliko mbwa na paka.

Lakini mzee wa Idd hasubiri utafute kitufe, pilau linapoa. Ndipo nikafikiri: theluji ni nini kama si weupe mwingi? Huko kwao mtu akisimama kwenye theluji naye anatoka mweusi tii, na kwa kuwa ni wao, wakamtengenezea alama yake, ambayo kazi yake kubwa ni kuiambia kamera ongeza mwanga, usiogope weupe. Nikazungusha hadi theluji. Saa saba mchana, Temeke, jasho linatiririka, nikampiga mjomba picha ya theluji. Akatoka na pua, na mashavu, na kidoti alichokuwa amekisahau.

Habari ikaenea. Kila mzee akija anasema, "Nipige ile ya theluji." Nikawapiga, wakafurahi, mpaka akaja mkaza mjomba na baibui jipya kutoka Dubai, jeusi la kung'aa, lenye mawe mikononi. Naye akataka ya theluji. Picha ikatoka baibui limepauka, utadhani limefuliwa kwa maji ya bahari. Weusi mwingi kamera nao haiutaki. Tangu mwanzo ilikuwa inaupandisha uwe kijivu, na mimi nikaiongezea theluji juu yake. Baibui linataka upande wa kutoa, na orodha yao haina alama ya baibui.

"Laki na nusu," akasema taratibu, akiiangalia picha. "Laki na nusu, nionekane nimevaa la mitumba."

Kilichotuokoa ni kwamba mjomba aliitwa aje kushuhudia. Akaketi pembeni ya mkewe, kanzu huku, baibui kule, wenyewe walikuwa hawasemezani tangu asubuhi kwa sababu ya nyama ya pilau. Nikarudisha Auto. Nyeupe na nyeusi zikapimana, wastani ukatoka ule ule kijivu ambao kamera imekuwa ikiutafuta siku nzima, na kila kitu kikakaa mahali pake: kanzu nyeupe, baibui jeusi, nyuso mbili zilizonuna zinaonekana vizuri kabisa. Wanandoa ndio kitu pekee ambacho Auto inakijua.

Jioni nikaingia kwenye matatizo ya flashi, ambayo sitayasema yote. Ya kamera hizi haifiki mbali, mita tatu nne hivi, lakini kila sherehe utamwona mtu yuko nyuma ya ukumbi anamulika jukwaa, anarudi nyumbani na picha ya visogo. Shemeji yangu yeye anatumia alama ya ua kwenye harusi, kwa kuwa harusi ina maua. Alama ile ni ya kupiga kitu kilicho karibu na lenzi, pete au mende. Harusi nzima ya mdogo wake ina ukungu. Halafu kuna taa ya kuzuia macho mekundu, inayowaka kwanza peke yake kabla ya flashi yenyewe. Wazee wakiiona wanadhani imekwisha. Wanashusha mabega, wanafungua midomo, mmoja anainuka kufuata chai, na hapo ndipo picha inapopigwa.

La tarehe ndilo halijaisha. Kamera ikikaa muda mrefu bila betri inasahau kalenda, na ya kwangu ilipozinduka iliona ni 01/01/2012. Kwa kuwa kuna mtu aliwahi kuiamuru iandike tarehe kwenye picha, Idd yote imegongwa mwaka 2012 kwa rangi ya chungwa, pembeni chini. Mjomba hajali, anasema afadhali, picha inampunguzia umri. Mkaza mjomba ndiye aliyekuja juu. "Ibadilishe sasa hivi. Watu wakiiona watasema baibui hilo ni la 2012, na mpaka leo ndilo ninalovaa."

Nikamweleza kwamba iliyokwisha kugongwa haifutiki. Akaketi tena, akajipanga, akaniambia nianze upya. Nikatafuta alama ya spana, nikaipata menyu ya tatu, nikaweka siku, mwezi na mwaka huku akinisimamia. Sasa inauliza niko saa za mji gani. Orodha yake ina Nairobi, haina Dar es Salaam.

"Unangoja nini?" mkaza mjomba akauliza.

Nimeweka Nairobi. Mjomba asiambiwe.