Globu ya Mheshimiwa

Nyumba ya wapangaji haivunjwi na maneno, inavunjwa na LUKU. Mnaweza kuchangia choo, kamba ya nguo na bomba linalotoa maji usiku wa manane, na bado mkasalimiana asubuhi. Lakini siku uniti zinapokatika kabla ya wakati, kila mtu anageuka mpelelezi. Nani anachemsha maharage kwa hita? Nani ameacha redio inaongea peke yake? Kwetu Nyakato, Mwanza, nyuma kidogo ya barabara ya Musoma, mpelelezi mkuu ni mama mwenye nyumba. Juni iliyopita upelelezi wake ulimfikisha chumba cha uani, mbele ya sanduku la mbao lenye wavu, kwa mtuhumiwa asiye na hata kidole cha kuwashia swichi.

Mtuhumiwa ni chatu. Sisi wapangaji tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu anaonekana mara chache, anakula kingi kwa mara moja, na akishashiba hana habari na mtu.

Anayemtunza ni kijana mwenzetu, mcheza ngoma. Wasukuma wana chama cha watu wa nyoka, Bayeye, wanaojua kuwakamata, kuwatibu walioumwa na kucheza nao uwanjani. Na ngoma ya Kisukuma si burudani ya kukaa na soda mkononi, ni vita ya watazamaji. Pande mbili, Bagalu na Bagika, zinacheza saa ileile, kila upande na uwanja wake, na mshindi ni aliyevuta umati mkubwa zaidi. Hapo ndipo nyoka anapopata kazi. Juni ni msimu wa Bulabo, sherehe za Bujora kule Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement. Kutoka kwetu unapanda daladala, unapita Igoma, umefika. Kikundi chake kilimkabidhi kijana chatu amlee mpaka siku ya uwanja, pamoja na karatasi ya kibali, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini kwa sababu tu amempenda. Mama mwenye nyumba aliisoma karatasi mbele, akaigeuza nyuma, akauliza palipoandikwa kodi yake ni wapi.

Matatizo yaliletwa na hali ya hewa. Watu wa Dar es Salaam ukiwaambia Mwanza kuna baridi wanakucheka, lakini ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni joto linaweza kushuka hadi nyuzi 16. Mimi navaa sweta. Chatu hana sweta, na mwili wake hautengenezi joto la kumtosheleza. Kusaga chakula, kutembea, hata kupigana na maradhi, vyote vinangoja joto la nje. Kwenye mawe yetu haya ya Mwanza nyoka anajipangia mwenyewe: jabali limekunywa jua kutwa, usiku bado lina uvuguvugu, na chini yake kuna ufa wenye ubaridi. Akizidiwa huku anahamia kule. Ndani ya sanduku hakuna kule.

Hayo tuliyajua baadaye. Tulichoanza kukijua ni harufu. Kijana alikuwa amemnunulia Mheshimiwa kuku sokoni, akamla kwa heshima zote, tukamsifu. Siku chache mbele, alfajiri, yule kuku alirudi. Alirudi mzima, manyoya yote, amelowa, na uvundo uliovuka ukuta ukaingia kwa mwalimu wa chumba cha mbele, akatoka na mswaki mdomoni. Majirani wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini nani kamloga nani. Hakuna aliyemloga. Chakula kilikaa tumboni kwenye baridi, hakikusagika, kikaoza, na nyoka akakitoa kabla hakijamuua. Ukimlisha nyoka ukamwacha kwenye ubaridi, andaa ndoo na sabuni.

Basi nyumba nzima ikageuka baraza la ushauri. Dumu la maji ya moto lililofungwa kwenye blanketi lilifanya kazi vizuri mpaka saa saba usiku, kisha likawa dumu la maji baridi. Shemeji wa mtu, aliyekuja kutembea tu, akashauri jiko la mkaa liwekwe chumbani na mlango ufungwe. Huyo tulimnyamazisha mara moja. Mkaa kwenye chumba kisichopitisha hewa unaua watu usingizini bila kunusika. Tungekuta nyoka amekufa, kijana amekufa, na mama anadai kodi ya mwezi.

Likabaki wazo la globu.

Na hapa inabidi nieleze juu ya vifaranga. Mama mwenye nyumba ana biashara mbili: friji la barafu na soda pale barazani, na vifaranga kwenye bruda ya mabati iliyotandikwa maranda, juu yake ananing'iniza globu ya zamani, ile inayokuunguza ukiigusa. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, halafu unawapunguzia kama nyuzi 3 kila wiki. Hana kipimajoto na hakihitaji. Anawatazama. Wakijikusanya katikati wanalaliana, wana baridi. Wakikimbilia pembeni huku wamepanua midomo, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika wanadonoa huku na huku, anakwenda kulala.

Kijana akaona kama globu inawalea hao, itamlea na Mheshimiwa. Akaiazima. Neno azima ni lake. Mwenye mali hakuambiwa. Na ili pengo lisionekane, akaweka kwenye bruda ile taa nyeupe ya kubana matumizi. Iliwaka vizuri sana. Banda liling'aa kama ukumbi wa harusi. Ila taa hizo zimetengenezwa makusudi zisipoteze umeme kwa kutoa joto, na kifaranga halali kwa mwanga. Usiku wa manane vifaranga walipaza sauti moja, na mama akatoka na khanga na tochi.

"Nani kaniibia jua la wanangu?"

Hakujibiwa na mtu. Akafuata mwanga mwekundu uliokuwa unatoka chini ya mlango wa uani, akagonga.

"Mwanangu, fungua. Sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na huyo mwenzio."

Alipoingia alikuta jambo jingine kabisa. Globu ilikuwa ndani ya sanduku, imening'inia kwa waya wake, na Mheshimiwa alikuwa ameanza kujiviringisha juu yake. Nyoka ana udhaifu huu: akipata kitu cha moto anaweza kubaki hapohapo mpaka ngozi iungue, hana ile akili yetu ya kuruka na kutukana. Mama, ambaye tangu chatu aingie hakuwahi kusogea karibu ya hatua chache, alizima swichi kwanza ndipo akapiga kelele. Magamba kadhaa ya tumboni yalikuwa yameshika rangi ya kahawia. Siku ya pili akaja mzee mmoja wa kikundi, akayatazama, akayasafisha, akatoa hukumu kwamba nyoka atapona ila kijana apunguziwe nauli ya Bujora.

Aliyetuokoa ni fundi wa mashine za kutotolea mayai, ana kibanda karibu na sokoni. Alisikiliza hadithi yote bila kucheka, jambo nililolistaajabu, kisha akasema nyoka na yai tatizo lao ni moja. Akaifunga globu upande mmoja tu wa sanduku, juu, ndani ya kizimba chake cha wavu, nyoka asiifikie hata akijinyoosha. Upande wa pili akauacha bila kitu, akaweka beseni la maji. Halafu akatoa themostati, kile kidude cha namba nyekundu kinachokaa kwenye mashine zake, chenye waya mrefu wenye ncha ya chuma. Ncha ndiyo inayopima. Joto likifika 31 inazima, likishuka inawasha. "Sasa mna jua linalojua kuzama," akasema, akachukua hela yake.

Jua lilikataa kuzama usiku uleule. Ile ncha ya chuma ilichomoka, ikaning'inia nje ya sanduku, kwenye upepo wa dirisha. Ikawa inapima baridi ya Nyakato na kuripoti kwa uaminifu kwamba kuna nyuzi 18, na themostati, mtumishi mtiifu, ikawasha globu mpaka asubuhi. Mheshimiwa tulimkuta amejikunja ndani ya beseni la maji, pua tu iko nje. Tangu hapo ncha imekazwa kwa vibanio kwenye ubao, na kuna kipimajoto kingine pembeni cha kuichunga. Themostati isiyochungwa ni hatari kuliko globu tupu, maana globu tupu angalau unaiogopa.

Nilijaribu kumtuliza mama kwa elimu. Nikamwambia kwamba mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Graham Alexander, alichapisha habari za chatu jike wa kusini mwa Afrika: anatoka shimoni, anaota jua mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, ngozi yake inakuwa nyeusi, halafu anarudi kuyazungushia mayai lile joto. Muda wote huo hali. Na wakishaanguliwa anakaa nao kama wiki mbili. Mama alisikiliza mpaka mwisho, uso ukalegea.

"Kumbe naye ni bruda."

"Ndiyo, mama."

"Basi alee kwa LUKU yake."

Mgogoro ulimalizwa na friji. Usiku mmoja umeme ulikatika, globu ikazimika, na kifuniko cha sanduku kilikuwa hakijakomewa. Umeme uliporudi, kijana alikuta sanduku tupu. Tulitafuta chini ya vitanda, kwenye ndoo, kwenye bruda kwanza kuliko kote. Vifaranga walikuwa salama. Mheshimiwa alikuwa barazani nyuma ya friji, amejilaza pale mashine inapotoa joto. Friji linatoa joto ndani na kulimwaga mgongoni. Nyoka alilijua hilo kabla yetu.

Mama alikaa kimya akiwatazama wote wawili, nyoka na friji. Kisha akamwita mwalimu wa chumba cha mbele, ambaye ndiye mwenye hesabu, akamwagiza apige. Globu ya wati 60 ikiwaka usiku mzima, saa kumi na mbili bila kupumzika, inakula uniti 0.72, na kwa themostati ni pungufu ya hapo. Pasi ya wati 1,000 ikikaa kwenye moto saa moja inakula uniti nzima. Mwalimu alipofika hapo akapunguza sauti, kwa sababu nyumba nzima kuna suruali moja tu inayopigwa pasi kila siku.

Bujora walicheza vizuri, lakini upande wa pili walileta nungunungu na umati ukahamia huko. Chatu amerudi kwenye sanduku lake, anakula, na chakula kinabaki tumboni. Kikundi kinamnunulia umeme wake kila mwanzo wa mwezi. Kwenye daftari la LUKU la nyumba yetu, ni mpangaji mmoja tu ambaye hadaiwi, na mwalimu siye.