Waraka kwa Mchungaji Aliyetuvukia Maji

Mchungaji wetu mpendwa,

Sisi wa kisiwa cha Bumbire tunakushukuru, waitu, kwa kuiacha lami ya Bukoba ukaja kututoa ujinga. Mahubiri yako pale mwaloni, kando ya dagaa walioanikwa, yalisikika vizuri. Kwa spika zile, nadhani hata sangara walipata neno.

Ulisema Mugasha, mungu wa ziwa wa Wahaya, alizaliwa na hofu. Ukafafanua kitaalamu: usiku pepo za nchi kavu hushuka kutoka pande zote, zikakutana katikati ya Ziwa Victoria, hewa yenye unyevu ikapanda, na ngurumo zikaanza kabla ya alfajiri. Kweli tupu. Ndiyo saa vijana wetu wako majini na taa zao, mwezi haupo, wanavizia dagaa. Ukamleta na mwanaanthropolojia Malinowski, aliyeandika mwaka 1925 kwamba wavuvi wa visiwa vya Trobriand hawakuhitaji uganga kwenye maji tulivu ya ndani, ila kwenye bahari kuu. Hapo nilipiga makofi. Jirani yangu humdondoshea Mugasha buni tatu majini mawingu yakitanda. Kukiwa shwari huzitafuna mwenyewe.

Kisha ukafumba macho, ukaombea mitumbwi, injini na hali ya hewa. Kigoda ulichokalia hukukiombea.

Mimi ni mzee wa kanisa, simtumikii Mugasha. Ila shoka ulilomkatia linakukata na wewe. Kama kujua imani ilikochipukia kunatosha kuiua, basi jiandae na msiba nyumbani kwako. Na kama hakutoshi, nami naona hakutoshi, tusidanganyane. Mama humtisha mtoto kwa mamba ili asichezee ufukweni. Hofu ile ameipandikiza yeye, lakini mamba huenda yupo. Kumjua mama aliyetisha si kuyapima maji. Sayansi imetueleza vizuri kwa nini mvuvi hunyanyua macho. Kama huko anakotazama kuna mtu, hilo halikuwamo kwenye kipimo. Msamaha unaoudai kwa ajili ya Mungu wako, wa kutohukumiwa kwa chimbuko la imani, mpe na Mugasha, kisha mshinde kwa hoja nyingine. Bila shaka unazo.

Ukirudi, usiishie mwaloni. Njoo usiku wa giza, upande mtumbwi nasi. Jaketi la kuokolea tunalo moja. Utavaa wewe, mgeni.