Binadamu si kamba: mshusheni kijana, wekeni pete

Msyuu! Mmeiona ile? Kirikuu iliyokata kona sasa hivi hapa Buguruni, imebeba friji, godoro la futi tano kwa sita na kabati la vyombo, na juu ya godoro kakaa kijana. Mkono mmoja kashika friji, mwingine kashika godoro, miguu kaibana kwenye kabati. Mbele wamekaa dereva na mwenye mali, mikanda wamevaa. Ukiwauliza yule kijana kule nyuma anafanya nini, watakujibu bila kupepesa macho: anashikilia mzigo.

Anashikilia mzigo! Jamani, tumezoea vibaya mno. Mtoto wa mtu tumemfanya kamba, na hakuna anayeshangaa. Trafiki anapita, mama anayehama nyumba anaona sawa, kijana mwenyewe anaona ndiyo kazi yake. Ngojeni tupige hesabu, maana jambo hili linapimika.

Ulaya wana kanuni ya kufunga mizigo, inaitwa EN 12195-1, na Wamarekani wana ya kwao kwa magari ya biashara. Zote mbili zinaanzia mahali pamoja. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, hesabu kwamba mzigo utasukuma kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake. Kwenye kona utasukuma pembeni kwa nusu ya uzito wake, na gari likiondoka kwa kishindo utasukuma nyuma kwa nusu vilevile. Sasa chukua friji ya kilo 70. Breki moja ya ghafla, mbele ya bajaji iliyochomoka kichochoroni, friji inasukuma kwa kilo 56. Kijana mwenyewe ana kilo 60, naye anasukumwa mbele kwa kilo 48. Jumla kilo 104, na zote zinategemea vidole vyake. Kabati bado hatujaligusa.

Godoro nalo lina hesabu yake, kwa sababu adui yake ni upepo. Kirikuu ikishatoka Kimara kuelekea Kibaha, dereva akagusa kilomita 80 kwa saa, godoro lile likiwa limesimamishwa linasukumwa na upepo kwa nguvu ya kilo 80 na zaidi. Mwendo ukishuka hadi 40, nguvu hiyo inabaki robo tu, maana upepo unapanda kwa mraba wa mwendo. Ndiyo sababu godoro linatulia mjini, halafu linaruka mkishashika barabara kuu. Likiruka, aliyelishikilia anaondoka nalo.

Ukimuuliza dereva kwa nini hakufunga, jibu ni hilohilo kila siku: "Hakuna pa kufungia, mzee." Na hapo simlaumu, maana mara nyingi anasema kweli. Hizi kirikuu, akina Suzuki Carry na wenzake, Wajapani walizitengeneza kwa injini isiyozidi cc 660 na mzigo wa kilo 350, na wakaziwekea vindoano vya kamba chini ya mbao za ubavuni, kila upande. Zikifika kwetu tunazipandisha mbavu kwa mabomba ili zibebe marundo. Vindoano vinagongwa na ngazi za maduka, vinapinda, vinaliwa na kutu ya chumvi ya pwani, vingine vinakatwa siku gari likinyooshwa bodi na kupigwa rangi. Hakuna anayevirudisha. Pikapu kubwa nazo ni hivyohivyo. Nyingine zina vindoano vya nje peke yake, nyingine zina viwili vitatu vya ndani vilivyokaa juu karibu na ukingo, na kwenye sakafu, ambako mzigo mzito unakaa, hamna kitu.

Basi watu wanafunga wanapopaona. Bawaba ya mlango wa nyuma. Bampa. Bomba la kulinda taa. Kisha wanachukua mpira wa tyubu, wanauvuta mpaka unalia, wanapiga fundo na kusema imekaza. Mpira wa tyubu una kazi yake, na kwa kubana turubai au mkungu wa ndizi sina ugomvi nao. Lakini mpira umeumbwa kuvutika. Friji ikianza kusogea, mpira unaifuata, na friji ikishapata mwendo hakuna tena wa kuizuia.

Dawa ipo, na mafundi wa kuifanya wapo Gerezani: pete za kufungia. Nne kwenye pembe za sakafu, mbili katikati ya mbavu. Basi. Ila hapa nataka tuelewane vizuri, maana pete iliyowekwa vibaya ni mbaya kuliko kukosa pete. Inakupa moyo wa kukimbia.

Pale kwa mafundi niliiona pete moja iliyong'oka kwenye pikapu. Niliishika mkononi. Pete yenyewe nzima, haikupinda hata kidogo. Bolti nzima, nati bado imekaza. Na kati ya bolti na nati kulikuwa na kipande cha bati la sakafu, duara dogo la ukubwa wa washa, kingo zake zimechanika. Maana yake chuma kilishinda na bati likashindwa. Sakafu ya pikapu ni bati jembamba, mara nyingi halifiki hata milimita moja na nusu. Ukilitoboa na kukaza bolti kwa kawasha kadogo, nguvu yote ya mzigo inaangukia kwenye duara lile, nalo linanyofoka kama kifungo kwenye shati bovu. Kwa hiyo usihangaike sana na unene wa pete. Hangaika na kinachoishika kwa chini.

Fundi anayejua kazi haanzi na drili. Anaingia chini ya gari na tochi. Anatafuta krosimemba, vile vyuma vya kukatiza vinavyobeba sakafu, na pete anaipeleka karibu navyo kadiri inavyowezekana. Anaangalia bomba la breki linapita wapi, nyaya za taa za nyuma zinapita wapi, tanki la mafuta limekaa upande gani. Kuna mtu alitoboa kwa haraka akitokea juu, drili ikaingia kwenye bomba la breki. Gari likatoka na pete mpya, breki hazipo. Ashukuru lilikuwa limeegeshwa.

Akishajua njia, ndiyo anatoboa. Chini ya bati anaweka sahani ya chuma ya milimita nne au tano, pana kama kiganja, ili nguvu isambae. Bolti iwe ya milimita 10, ile ya spana namba 17, na kichwani isome 8.8. Namba hiyo haikuandikwa kwa urembo. Bolti ya aina hiyo na unene huo haikatiki kwa mvuto ulionyooka chini ya tani 4.5. Isiyo na namba yoyote kichwani hujui inabeba nini, muuzaji naye hajui. Nati iwe ya kujikaza, yenye plastiki ndani, kwa sababu barabara zetu za vumbi na matuta zinafungua nati ya kawaida taratibu bila wewe kujua.

Akitaka kuchomelea badala ya kufunga kwa bolti, achomelee kwenye krosimemba au kwenye sahani nene, asichomelee kwenye bati tupu, maana moto unalilegeza bati pembeni mwa mshono na hapohapo ndipo litakapochanikia. Kabla hajawasha mashine, betri itolewe waya, na waya wa athi ukamatwe karibu na mahali pa kazi ili umeme usitembee kwenye kompyuta ya gari. Kama tanki lipo karibu, tumia bolti, usibishane. Na asikukunjie pete kwa vipande vya nondo za kujengea nyumba. Nondo nyingine ikichomelewa inakuwa ngumu na kupasuka, na kwa macho huwezi kuitambua. Mwisho, kila tundu lililotobolewa lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla pete haijakaa, kisha lizibwe kwa silikoni. Hapa kwetu Dar bati lililo wazi halingoji masika likuoneshe kutu.

Ukishapata pete, nunua mikanda. Mkanda wa racheti una kibandiko. Kisome. Kwa mikanda iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya, kibandiko cha bluu maana yake ni poliesta, nayo inavutika kidogo tu, ndiyo unayoitaka kwa mzigo mzito. Kuna namba pale imeandikwa LC na vipimo vya daN. DaN moja ni karibu sawa na kilo moja, na hiyo ndiyo nguvu unayoruhusiwa kuipa. Marekani wanataka uwezo wa mikanda yote ukijumlishwa ufike angalau nusu ya uzito wa mzigo. Mifuko 10 ya simenti ni kilo 500, basi mikanda yako ifike 250. Hicho ndicho kiwango cha chini, usijisifu ukikifikia.

Na kufunga kuna adabu yake. Mzigo mzito unasukumwa mbele mpaka uguse ukuta wa kabini, usipate nafasi ya kukimbia. Friji inasimamishwa, mikanda miwili inapita kwa mkato, mmoja kutoka pembe hii, mwingine kutoka ile. Mtungi wa gesi unasimama wima, unafungwa peke yake, haukai kwenye mapaja ya mtu. Na mkifika mbele kidogo, simameni mkaze upya, maana mzigo unajipanga ukitikisika. Marekani dereva wa lori analazimika kukagua mzigo wake ndani ya maili 50 za kwanza, karibu kilomita 80, na wao lami yao imenyooka. Sisi wenye matuta ya Tabata tusisubiri hata tano.

Najua kuna atakayesema: utingo akishushwa atakula wapi? Ndugu yangu, utingo hajaajiriwa kwa uzito wa mwili wake. Ana kazi ya kupakia, kupanga, kufunga, kushusha, na kufunga mzigo vizuri ni ufundi unaostahili kulipwa vizuri. Kirikuu ina viti viwili mbele. Kama mwenye mali anataka kukaa pale, basi ampe kijana nauli ya daladala au bodaboda wakutane huko mwisho wa safari. Nauli hiyo iingie kwenye bei ya kuhamisha mzigo, kama yanavyoingia mafuta. Atakayesema ni ghali aangalie kwanza redio, rimu na taa za rangi alizofunga kwenye gari hilohilo. Pete sita na vyuma vyake vyote vinaenea kwenye ndoo moja, na fundi anamaliza kabla ya magharibi.

Wenye magari tumewaambia sana, na wengi wanasikia pale mteja anapokunja uso. Kwa hiyo maneno haya ya mwisho ni ya mteja, wewe unayehama kutoka Mbagala kwenda Goba, wewe uliyenunua makochi Keko, mama mwenye friji mpya. Kabla hamjakubaliana bei, zunguka nyuma ya gari. Uliza mzigo wangu utafungwa wapi. Akuoneshe pete, uishike, uitikise. Uliza mikanda iko wapi, itolewe uione. Dereva mmoja akikosa kazi kwa swali hilo, kesho yake atakwenda Gerezani mwenyewe bila kuhubiriwa. Na akikujibu kwamba kijana atashikilia, mwambie asante, kisha tafuta gari jingine.